Mlozi na Mfadhili Wake: Nguvu za Mkataba Katika Michezo ya Kuigiza Mezani

Kila anapotokea mhusika aliyefunga mkataba na jini, pepo au kiumbe cha kilindini, maswali ni yaleyale. Je, anamwabudu? Ameuza roho? Mfadhili akikasirika anaweza kumnyang'anya nguvu katikati ya pambano? Na kwa nini mchawi mwenzake anatumia uchawi mara tisa kwa siku ilhali yeye ni mara mbili tu?

Maswali haya yamefungamana kwa sababu watu huita "mkataba" vitu viwili tofauti. Kuna kanuni zilizochapishwa kitabuni, na kuna hadithi ambayo wachezaji wanaisuka wenyewe. Kitabu kinaeleza kwa hesabu kamili mhusika anapata nini. Kuhusu anachodaiwa, kimenyamaza karibu kabisa. Ukishaliona pengo hilo, nusu ya ubishi imekwisha.

Maneno ya kuanzia

Mchezo wa kuigiza wahusika mezani ni mazungumzo yenye kanuni. Mtu mmoja, mwendeshaji, anaeleza ulimwengu na kuwasemea wote wasio na mchezaji: walinzi, wafalme, mazimwi. Kila mmoja wa waliobaki anaigiza mhusika mmoja. Panapokuwa na shaka kama jambo litafaulu, dadu inatupwa. Mchezo ulioanzisha aina hii kibiashara ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Makala haya yanaegemea toleo lake la tano, la 2014 lililorekebishwa mwaka 2024, kwa kuwa mkanganyiko mwingi unatoka humo.

Mlozi ni aina ya mhusika ambaye uchawi wake umetokana na makubaliano na kiumbe chenye nguvu kumzidi. Aliingia Dungeons & Dragons kupitia kitabu cha nyongeza mwaka 2004, na mwaka 2008 akapewa nafasi katika kitabu kikuu. Kiumbe yule tumwite mfadhili. Neno "tamko" humu ni uchawi mmoja wenye jina na matokeo maalumu. "Ngazi" ni ukubwa wa mhusika, kuanzia 1 hadi 20, na "daraja" ni ukubwa wa tamko, kuanzia 1 hadi 9. Anayechanganya ngazi na daraja hatakaa aelewe jedwali lolote la mchezo huu.

Mchawi msomi amejifunza vitabuni. Mchawi wa kuzaliwa anao damuni. Kuhani anapewa na mungu anayemtumikia. Mlozi amepatana. Kitabu cha 2014 kinasema wazi kuwa uhusiano wake na mfadhili mara nyingi unafanana na wa mwalimu na mwanagenzi, na kwamba wafadhili hawa si miungu. Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni hapana: kuabudu hakumo katika masharti ya kanuni. Mchezaji akitaka mhusika wake aabudu, ni uamuzi wake wa kisanii.

Anachopata, kwa hesabu

Wachawi wengine wana nafasi nyingi za matamko za madaraja mbalimbali, kila nafasi ikiwa ruhusa ya kutoa tamko mara moja, na zikiisha wanangoja pumziko refu, yaani saa nane za usingizi na utulivu. Mlozi ana nafasi chache, zote za daraja moja la juu kabisa analoweza, na zote zinarudi baada ya pumziko fupi la saa moja. Mchawi msomi ni pipa kubwa linalojazwa mara moja kwa siku. Mlozi ni ndoo ndogo iliyowekwa chini ya bomba lisilokatika.

Ngazi ya 1 ana nafasi moja, ngazi ya 2 anapata mbili, na anakaa na mbili hizo hadi ngazi ya 11 anapofikisha tatu. Ya nne inakuja ngazi ya 17. Daraja la nafasi hizo ndilo linalopanda haraka: la 2 akifika ngazi ya 3, la 3 ngazi ya 5, la 4 ngazi ya 7, na la 5 ngazi ya 9, ambapo linasimama. Kuanzia ngazi ya 11 anapewa tamko moja la daraja la 6, kisha moja la daraja la 7 akifika ngazi ya 13, la 8 ngazi ya 15 na la 9 ngazi ya 17. Hayo yako nje ya nafasi zake. Kila moja hutumika mara moja tu kati ya mapumziko marefu, na saa moja ya kukaa chini hairudishi hata moja. Kosa hili ni la kawaida sana, hata kwa wachezaji wa siku nyingi.

Tuchukue ngazi ya 5. Mchawi msomi ana nafasi 9: nne za daraja la 1, tatu za daraja la 2 na mbili za daraja la 3. Mara moja kwa siku, katika pumziko fupi, anaweza pia kujirudishia nafasi zenye jumla ya madaraja matatu. Mlozi ana nafasi 2 za daraja la 3. Kundi lisipopumzika hata mara moja, mlozi amepunjwa vibaya. Likipumzika kifupi mara mbili, mlozi atakuwa ametumia nafasi 6 za daraja la 3, huku msomi hazidishi tatu za daraja hilo. Nguvu ya mlozi basi haiko kwenye karatasi yake peke yake, iko pia kwenye ratiba ya kundi. Mezani ambako kuna pambano moja kubwa kwa siku halafu watu wanalala, aina hii ya mhusika itaonekana mbovu, na lawama itamwendea mchezaji bure. Marekebisho ya 2024 yalipunguza tatizo kwa kumpa, kuanzia ngazi ya 2, ibada ya dakika moja inayorudisha nusu ya nafasi zake, mara moja kwa kila pumziko refu.

Mbali na nafasi hizo kuna silaha yake ya kila siku, mwale wa nguvu unaofika futi 120 na usiogharimu nafasi yoyote. Unaumiza kwa dadu moja ya pande 10. Ngazi ya 5 inakuwa miale miwili, ngazi ya 11 mitatu, ngazi ya 17 minne. Kila mwale una mrusho wake wa dadu ya pande 20, kwa hiyo mmoja ukikosa mwingine unaweza kupiga, na inaruhusiwa kuigawa kwa maadui tofauti.

Juu yake vinakaa vipawa, ujuzi mdogo wa kudumu ambao mlozi anauchagua kutoka orodha ndefu. Kimoja huongeza kwenye maumivu ya kila mwale nyongeza ya haiba yake, yaani namba inayotokana na alama za mvuto wa mhusika. Mhusika wa ngazi ya 5 mwenye haiba 18 ana nyongeza ya 4, hivyo mwale mmoja unaopiga unaleta wastani wa 9.5, na miwili 19. Akiwa amemwekea adui laana inayoongeza dadu ya pande 6 kwa kila pigo, wastani unafika 26 bila kutumia nafasi nyingine. Laana yenyewe, ikitolewa kwa nafasi ya daraja la 3, inadumu hadi saa 8. Mchezaji mjanja anaitoa asubuhi, anakaa saa moja na wenzake, nafasi inarudi na laana bado iko hai.

Inapoharibika ni kwenye umakini. Laana inahitaji umakini, yaani mlozi aendelee kuishikilia akilini, na akiumizwa anatupa dadu kujinusuru dhidi ya 10 au nusu ya maumivu aliyopata, lolote lililo kubwa zaidi. Akishindwa, laana inakatika na nafasi imeshakwenda. Tena hawezi kushikilia matamko mawili ya umakini kwa pamoja. Kuna mbinu maarufu ya kumwaga giza la kichawi uwanjani huku mlozi mwenyewe akiwa na kipawa cha kuona ndani yake. Giza nalo linataka umakini, kwa hiyo laana inaanguka. Isitoshe, wenzake wote waliomo gizani wanakuwa vipofu. Kwa mlozi aliye peke yake ni mbinu nzuri. Kwa kundi la watu watano ni njia ya kuaminika ya kuchukiwa.

Neno moja kuhusu kuchagua matamko: kwa kuwa nafasi zote ni za daraja la juu, beba yale yanayokua na daraja. Barafu ya kujikinga, inayotoa pointi 5 za uhai wa muda kwa kila daraja na kumuumiza anayekupiga kwa karibu kwa kiasi hichohicho, inakuwa 15 kwa nafasi ya daraja la 3, na haitaki umakini. Tamko la daraja la 2 lisilokua, hata likiwa tamu, linakula nafasi ya daraja la 3 na kukulipa vilevile.

Nani anafadhili

Kitabu cha 2014 kilikuwa na wafadhili wa aina tatu: bwana wa viumbe wa porini wenye hila, ibilisi au pepo wa kuzimu, na kiumbe wa kale kutoka nje ya ulimwengu unaoeleweka. Vitabu vilivyofuata viliongeza, miongoni mwa wengine, kiumbe wa mbinguni mwaka 2017, jini na kiumbe wa kilindini mwaka 2020. Toleo la 2024 lina wanne katika kitabu kikuu: watatu wale wa mwanzo na yule wa mbinguni.

Chaguo hili halibadilishi nafasi wala mwale. Linabadilisha orodha ya matamko ya ziada na uwezo wa pembeni, na hapo tofauti ni kubwa. Mlozi wa ibilisi anapomwangusha adui anapata uhai wa muda sawa na nyongeza ya haiba pamoja na ngazi yake. Mhusika wetu wa ngazi ya 5 anapata 9. Wa mbinguni ana akiba ya dadu za pande 6 za kuponyea, idadi yake ikiwa ngazi yake na moja zaidi. Wa jini anapewa chombo, mathalani chupa, anachoweza kuingia na kukaa ndani kwa saa zisizozidi mara mbili ya nyongeza yake ya ustadi, namba inayokua na ngazi; kwa ngazi ya 5 ni saa 6.

Anayepotoshwa zaidi ni yule wa kale. Wengi humwigiza kama bosi anayenong'ona maagizo usiku. Maelezo yake ya 2014 yanasema kinyume: huenda hajui kabisa kuwa mlozi wake yupo, au hajali. Mlozi amegundua siri na anachota kutoka kwake kama anavyochota kupe. Hapa hakuna mkataba wa pande mbili, na kwa maoni yangu ndiyo sababu ni mfadhili mzuri kwa mchezaji anayetaka nguvu bila kuandamwa na maagizo.

Hili linajibu pia dhana kwamba mlozi lazima awe mwovu au lazima auze roho. Kanuni hazimlazimishi mhusika kuwa na mwelekeo wowote wa maadili, na hazitaji roho kama malipo.

Kuna hofu nyingine, ya nje ya meza: kwamba mchezaji mwenyewe anaita mapepo. Ilivuma sana Marekani miaka ya 1980, kiasi kwamba toleo la pili la 1989 liliondoa maneno ya ibilisi na pepo, na viumbe hao baadaye wakarudi kwa majina ya kubuni. Toleo la tatu la mwaka 2000 likayarudisha maneno ya kawaida. Kilichopo mezani ni karatasi, penseli na dadu. Matamko hayana maneno ya kusomwa wala ibada ya kufuata. Mchezaji anasema "natumia nafasi moja" na kufuta alama kwenye karatasi.

Deni ambalo kitabu hakikuliandika

Sasa swali gumu. Mfadhili anaweza kuchukua nguvu zake? Katika kanuni za 2014 na 2024 hakuna utaratibu wa kumfanya mlozi apoteze uwezo kwa kuvunja mkataba. Hakuna jedwali la adhabu wala kiwango cha utiifu. Mwendeshaji anayefuta nafasi za mlozi kwa sababu mfadhili amenuna ametunga kanuni yake mwenyewe. Anaruhusiwa, ilimradi wote wajue hivyo tangu mwanzo.

Meza nyingi huchukua msimamo kwamba nguvu zikishatolewa zimetolewa, kama elimu ambayo mwalimu hawezi kuidai irudi. Msimamo huo unalinda usawa: hakuna anayemnyang'anya mchawi msomi akili yake kwa sababu alimtukana mkuu wa chuo. Lakini unaacha tatizo upande wa pili, mfadhili anayesahaulika. Ukurasa wa kwanza wa mhusika umejaa mapatano ya kutisha, na kufikia kikao cha kumi hakuna anayemkumbuka aliyetia saini.

Michezo mingine iliamua kuiweka gharama ndani ya hesabu. RuneQuest, uliotoka mwaka 1978, unamtaka mfuasi atoe pointi za nguvu ya nafsi yake ili apate uchawi wa mungu wake, na nguvu hiyo ni sehemu ya sifa zake za msingi. Katika Dungeon Crawl Classics wa 2012, mchawi hufunga kifungo na mfadhili kwa tamko maalumu, na mambo yakiharibika mfadhili anaweza kumwachia alama mwilini. Pathfinder, katika kitabu cha nyongeza cha 2010, ulileta mchawi ambaye mfadhili humfundisha kupitia mnyama wake. Mnyama ndiye anayehifadhi matamko, na akifa mengi yanapotea naye. Blades in the Dark unaruhusu mchezaji kuongeza dadu moja kwenye mrusho wake kwa kukubali balaa fulani, na balaa hilo linatokea hata mrusho ukishindwa. Si lazima uhamie huko, ila ni vizuri kuona kwamba deni linaweza kuwa kitu kinachohesabika.

Kuandika mkataba kabla ya kikao cha kwanza

Mchezaji na mwendeshaji wakae dakika 20 na nusu ukurasa wa karatasi. Waandike mfadhili anataka nini duniani, kwa sentensi moja, na kwa nini anamhitaji mtu wa chini namna hii kukipata. Waandike anawasiliana kwa njia gani: ndoto, kivuli, mjumbe, barua inayojiandika. Kisha mwiko mmoja ulio wazi, ambao mtu anaweza kujua papo hapo kama umevunjwa. "Usiwe msaliti" haufai kwa kuwa kila mtu ataufasiri atakavyo. "Usizime moto uliouwasha mwenyewe" unafaa, na utaleta vituko ambavyo hakuna aliyevipanga.

Mwishoni, yale ambayo mfadhili hataagiza kamwe. Mchezaji ndiye anayeyataja, na hayajadiliwi. Kwa kawaida orodha hii inaanza na kuwadhuru wahusika wa wenzake. Mwendeshaji anayemwagiza mlozi amuue paladini (shujaa wa kidini) wa kundi anadhani ameleta mvutano, kumbe amewapa watu wawili walio hai sababu ya kugombana. Agizo zuri linamweka mlozi njia panda, halifungi njia zote isipokuwa ile mbaya. "Leta pete ya gavana" linatekelezeka kwa wizi, kununua, kudanganya au kumwomba. Agizo moja kwa vikao vitatu au vinne linatosha. Likija kila kikao, mfadhili amegeuka mhusika mkuu na wengine wamekuwa watazamaji.

Kwa anayetaka deni lihesabike, chora duara na uligawe vipande sita. Mlozi akiomba fadhila nje ya kanuni, kama habari ya siri au mlango kufunguka, jaza kipande kimoja. Akikataa agizo, jaza viwili. Akitimiza, futa kimoja. Duara likijaa, mfadhili anakuja kudai mwenyewe au anamtuma mlozi mwingine, kisha duara linafutwa lote. Liweke mahali wote wanaliona. Wengine hulificha ili kuongeza hofu, lakini wachezaji hawawezi kuogopa wasichokijua, watashtuka tu na kulalamika. Adhabu iguse hadithi: rafiki aliyetoweka, jina lililochafuka mjini, adui aliyepewa nguvu zilezile. Usiguse nafasi wala mwale, kwa sababu hesabu ya mapambano imepangwa ikivitegemea.

Mkataba wa siri kati ya mchezaji na mwendeshaji huchosha haraka. Ujumbe ukipita pembeni kila mara, wengine wanne wanakaa kimya wakingoja. Afadhali wachezaji wajue kila kitu huku wahusika wao wakiwa gizani. Watasaidia kuukoleza mchezo badala ya kuchunguza.

Na mlozi akitaka kuvunja? Njia rahisi ni deni lake kununuliwa na mfadhili mwingine, kwa mfano wa mbinguni akimlipia aliyekuwa wa ibilisi. Namba za nafasi, mwale na vipawa vyote hubaki. Kinachobadilika ni orodha ya matamko ya ziada na uwezo wa mfadhili wa ngazi ya 3, 6, 10 na 14 kwa kanuni za 2024, au 1, 6, 10 na 14 kwa za 2014. Mpe mchezaji nafasi ya kuandika karatasi upya kati ya vikao viwili, halafu mfadhili wa zamani mwingize kwenye orodha ya maadui.